Vesak: zile kandili za Wabudha zinawashwa kwa ajili ya nini hasa?

#1 Dada wa Doha
Wakuu habari za jioni. Nina swali limenikaa kooni tangu Mei.

Nakaa chumba kimoja na dada wa Sri Lanka, mwaka wa tatu sasa. Wote tunafanya usafi jengo moja. Mwezi mpevu wa Mei ukikaribia, ananunua pakiti za vijiti vya mishikaki na karatasi nyembamba kama zile za kutengenezea vishada, halafu anakoroga unga wa ngano na maji ya moto kuwa gundi. Anakaa sakafuni usiku mbili mfululizo baada ya zamu, miguu imevimba, anafunga vijiti kwa uzi. Kandili ikishakamilika anatia balbu ndogo ndani na kuitundika dirishani. Siku yenyewe anavaa nguo nyeupe, na ikishapita saa sita mchana hatii chakula kinywani mpaka kesho yake asubuhi.

Nimemuuliza maana yake mara tatu. Mara ya kwanza akasema taa ni akili inayofukuza giza la ujinga. Mara ya pili akasema ni heshima kwa Buddha, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukitoa mionzi. Mara ya tatu alikuwa amechoka, akaniambia: "Mama alikuwa anawasha, na mimi nawasha."

Sasa lipi ndilo lenyewe? Wajuzi karibuni.

#2 Kijana wa Likoni
Hiyo si Diwali kweli? Huku Mombasa Wahindi wakiwasha zile taa za udongo, mtaa wote wang'aa. Naona ni kitu kimoja, jina tu limebadilika.

#3 Mwalimu wa Zamu
#2 hapana ndugu yangu. Diwali huja usiku wa giza, mwezi haupo kabisa, Oktoba au Novemba. Vesak huja mwezi ukiwa umejaa, na kwa kawaida ni Mei. Diwali ni ya Wahindu, ya Wajaini na ya Masingasinga, kila mmoja na sababu zake. Vesak ni ya Wabudha.

Dada wa Doha, kwa Wabudha wa Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Laos na Kambodia, siku hiyo inabeba mambo matatu ya mtu mmoja: Siddhartha Gautama kuzaliwa Lumbini, kuzinduka na kuwa Buddha chini ya mti pale Bodh Gaya, na kufariki Kushinagar. Yote matatu, kwa mapokeo yao, yalitokea siku ya mwezi mpevu wa mwezi wa Vesakha. Kwa hiyo jibu lake la kwanza ndilo la mimbarini: usiku ule alizinduka, ujinga ukaisha, na taa ni alama ya hilo.

#4 Binti Ziwani
Naomba niongezee hapo kwa Mwalimu. Si Wabudha wote wanaoyaweka matatu pamoja. Japani kuzaliwa kwake wanakuadhimisha tarehe 8 Aprili na kuzinduka tarehe 8 Desemba. Wakorea nao siku yao ya kuzaliwa Buddha ni ya nane ya mwezi wa nne kwa kalenda ya mwezi, na wana maandamano makubwa ya kandili za umbo la yungiyungi, yaitwayo Yeondeunghoe. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2020. Kwa hiyo taa zipo hata pale ambapo hesabu ya "matatu kwa siku moja" haipo. Hapo maelezo ya #3 yanapwaya kidogo.

#5 Mchekechaji wa Tunduru
Huu uzi umenirudisha mbali sana.

Katikati ya miaka ya 90 Tunduru ilikuwa imewaka. Mawe ya vito yanatoka mto Muhuwesi, watu wanashuka kutoka kila pembe, na wanunuzi wakubwa walikuwa Wathai na Wasirilanka. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alipanga chumba nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mwezi wa tano akamwomba mama mianzi, akaipasua kwa kisu cha jikoni, akatengeneza kitu cha pembe nyingi na mikia minne ya karatasi inayoning'inia. Umeme hatukuwa nao. Akachukua glasi, akabandika mshumaa ndani, akaiteremsha humo.

Mama akamwambia, "Mwanangu utatuchomea nyumba." Akacheka, akabeba kiti, akakaa chini ya ile kandili usiku kucha akiilinda, ndoo ya maji pembeni. Sisi watoto tulilala barazani kwa ajili ya kuitazama. Alivaa shuka jeupe. Nakumbuka ilikuwa na pande sita.

Hakutuambia maana na sisi hatukuuliza.

#6 Baharia Mstaafu
Nilitia nanga Colombo Mei 2011, meli ya makontena. Nitakwambieni nilichokiona kwa macho yangu.

Tulipata ruhusa ya kushuka jioni. Mji wote taa. Kwenye njia panda wamesimamisha malango marefu kupita nyumba za ghorofa, yamebandikwa picha za kuchorwa za maisha ya zamani ya Buddha, na mamia kwa mamia ya balbu za rangi zinakimbizana kuzunguka picha. Kipaza sauti kinasimulia kisa kwa mashairi. Familia nzima, mpaka bibi kizee, zimesimama zinatazama picha moja baada ya nyingine. Wanaliita thorana.

Lakini kilichonishika ni chakula. Basi letu lilisimamishwa na vijana wenye bendera katikati ya barabara. Nikadhani fujo. Kumbe wanatuteremsha tukale! Wali na mchuzi, mbele kidogo dengu za kuchemsha zenye nazi na pilipili, mbele tena mihogo, kisha aiskrimu. Bure. Huulizwi dini, huulizwi umetoka wapi. Wanaita dansal. Kijana mmoja alinishukuru MIMI kwa kula chakula chake. Nilikaa na hilo siku nyingi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, hiyo ni sikukuu ya sadaka, taa ni za kumwonyesha mgeni njia ya kwenye chakula.

#7 Kijana wa Likoni
#6 mzee wangu, wewe kila bandari unakumbuka chakula 😄 Uzi wa Karachi ulisimulia biriani, wa Durban ukasimulia mkate wa mchuzi.

#8 Baharia Mstaafu
#7 mwanangu, tumbo ndilo linalotunza kumbukumbu. Ila hapo sikukosea. Waulize wenyewe.

#9 Mpekuzi wa Nyaraka
Naomba nipinge kidogo, kwa heshima zote.

Mengi mnayoyasimulia yana umri wa karne moja na nusu tu. Chini ya Waingereza Vesak haikuwa siku ya mapumziko Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Mwaka 1880 akaja Mmarekani, Kanali Henry Steel Olcott, aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kwao, akashuka Galle na kuwa Mbudha. Mwaka 1884 alikwenda London kuwadai haki Wabudha wa kisiwa kile. Vesak ya 1885 ndiyo ya kwanza kuwa sikukuu ya serikali, na siku hiyo hiyo, 28 Aprili, ndipo bendera ya Wabudha ilipopandishwa mara ya kwanza.

Tazameni kilichofuata: kadi za Vesak kama kadi za Krismasi, kwaya za vijana waliovaa nyeupe wakiimba kwenye majukwaa, taa kwenye kila nyumba. Watu waliotawaliwa na Wakristo walitaka sikukuu yenye hadhi sawa na ya watawala. Nadhani maana ya kwanza ya taa zile ni: "Na sisi tupo."

#10 Mwalimu wa Zamu
#9 umeshusha nondo, lakini unachanganya sikukuu na likizo. Serikali kuitambua siku hakuizai siku. Mahavamsa, kitabu cha kale cha historia ya Wasinghala wa Sri Lanka, kinasema mfalme Dutugemunu, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alipokuwa kitandani anakufa alisomewa orodha ya mema yake, na mojawapo ni kwamba alifanya sikukuu za Vesakha 24. Ishirini na nne! Mmarekani yuko wapi hapo?

#11 Mpekuzi wa Nyaraka
#10 siikatai orodha hiyo. Ila inasema sikukuu, haisemi kandili za karatasi za kutundika dirishani. Na swali la dada ni taa.

#12 Binti Ziwani
Taa pia ni za kale, jamani. Mtawa wa China, Faxian, alitembea India mwanzoni mwa karne ya 5. Anasimulia sikukuu ya Pataliputra, ndiyo Patna ya leo: magari ya mbao yamepambwa, sanamu za Buddha ndani, na taa zikiwaka usiku kucha. Haikuwa Vesak, ilikuwa siku ya nane ya mwezi wa pili. Lakini kumtolea Buddha taa, sawa na maua na ubani, ni ibada iliyokuwepo zamani sana. Karatasi na balbu ndivyo vigeni.

#13 Mkalimani
Mnaipita maana moja nzuri kuliko zote. Wanasimulia kwamba Buddha karibu na kufa aliwaambia wanafunzi wake wawe *dipa* kwa nafsi zao, wasitafute kimbilio kwingine. Neno *dipa* kwa Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Wabudha, lina maana mbili: taa, na kisiwa. Wengine hufasiri "jiwekeni taa," wengine "jiwekeni kisiwa" katikati ya mafuriko. Wasomi wengi wa lugha wanaegemea kisiwa, watu wa kawaida wameipenda taa.

Mimi nalala na kisiwa. Mtu wa Pemba haelezwi maana ya kisiwa bahari ikichafuka.

#14 Mchekechaji wa Tunduru
Mkalimani 🙏🏾 Yule mzee alikaa peke yake usiku ule, maili ngapi kutoka kwao. Kisiwa na taa kwa pamoja.

#15 Mama Biashara Bangkok
Wapendwa, mimi huenda Bangkok kuchukua nguo tangu 2008, na "sikukuu ya taa" niijuayo ni nyingine kabisa. Loy Krathong, Novemba. Wanakata kipande cha shina la mgomba kama sahani nene, wanakikunjia majani ya mgomba pembeni yanakuwa kama maua, katikati mshumaa, ubani na maua. Wanakiweka mtoni. Mwenye nyumba wangu wa wageni alinifundisha, na mimi mtu wa Bukoba mgomba haunishindi, nilimaliza kabla yake.

Nikamuuliza maana. Akasema tunamwomba radhi mama wa maji kwa kuyachafua. Binti yake akasema hapana, ni heshima kwa unyayo wa Buddha ulioko ukingo wa mto mmoja wa India. Mfanyakazi wake akasema tunaachia mikosi iende na maji. Watu watatu wa nyumba moja! Kwa hiyo Dada wa Doha usihangaike, hata kwao ni hivyo.

Kaskazini, Chiang Mai, msimu huo huo wanarusha kandili za karatasi angani. Ndege hufutwa au kubadilishiwa saa kwa sababu yake, panga safari yako vizuri.

#16 Mwalimu wa Zamu
#15 asante kwa hilo. Na Myanmar wanayo Thadingyut, mwezi mpevu wa Oktoba, mwishoni mwa miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hawasafiri. Hapo sababu ya taa ni kisa: Buddha alipanda mbinguni kumfundisha mama yake, aliyefariki Buddha akiwa bado mchanga, na alipokuwa anateremka watu walimmulikia njia. Ni wakati wa vijana kwenda kuwapigia magoti wazazi na walimu kuomba radhi.

Huenda jibu la pili la mwenzako limechanganyika na hilo.

#17 Dada wa Doha
#16 hapana Mwalimu, hakuchanganya. Alisema mionzi ya mwilini, akanionyesha bendera kwenye simu: buluu, njano, nyekundu, nyeupe, chungwa, halafu mstari wa mwisho umechanganya zote. Anasema ndiyo rangi zilizomtoka Buddha alipozinduka, na karatasi anazichagua kwa rangi hizo. Mwaka huu chungwa ilikosekana dukani, akapaka nyeupe kwa manjano ya jikoni.

#18 Sheha wa Zamani
Naomba kuuliza, kwa nia njema. Hizo tarehe nani anazitangaza? Maana naona kila mtu ana mwezi wake.

#19 Binti Ziwani
Sheha wangu, umegusa penyewe. Mwaka 2023 Sri Lanka walisherehekea 5 Mei, Thailand 3 Juni. Karibu mwezi mzima! Kalenda ya Thailand mwaka ule iliongezwa mwezi.

#20 Kijana wa Likoni
Kumbe na wao wana mwezi wa kwao na mwezi wa ng'ambo 😂 Sisi kila Idi twagombana, kumbe tuna wenzetu.

#21 Sheha wa Zamani
#20 sasa nimefarijika kweli. Miaka thelathini nimesuluhisha ugomvi wa mwezi katika shehia yangu.

#22 Mpekuzi wa Nyaraka
Umoja wa Mataifa uliitambua Vesak mwaka 2000, na hata hapo hawakuweka tarehe moja ya kalenda ya kawaida.

#23 Mkalimani
#22 rekebisho dogo: azimio lilipitishwa 15 Desemba 1999. Maadhimisho ya kwanza makao makuu New York ndiyo ya 2000. Wakasema siku ya mwezi mpevu wa Mei.

#24 Mkazi wa Upanga
Jamani mbona mnakwenda mbali? Dar es Salaam hapa hapa, upande wa Upanga, lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinghala enzi za Mwingereza. Ndani pana mti wa bodhi, jamii moja na mkuyu wetu, majani yake yana ncha ndefu kama mkia. Nilipita Mei moja jioni nikaona taa zimetundikwa, nikasimama getini. Mtawa wa kanzu ya rangi ya chungwa akanikaribisha kwa Kiswahili. Nikapewa chai ya maziwa na kitumbua. Kitumbua kabisa, cha mchele!

#25 Baharia Mstaafu
Mmeona? Chakula! Nimeshinda.

#26 Fundi Saidi wa Vishada
Maneno ya dini nawaachia wenyewe. Mimi nimepata riziki kwa vishada miaka mingi, nataka kujua kandili imefungwaje. #5 anasema pande sita. Nimetazama picha mtandaoni, wanaiita atapattama, na tafsiri yake ni "pande nane." Sita au nane?

#27 Mkalimani
Nane ndiyo yenye maana. Njia ya Buddha ina sehemu nane: mtazamo sahihi, nia sahihi, usemi sahihi, na kuendelea. Kandili ya pande nane ni somo lililotundikwa.

#28 Mpekuzi wa Nyaraka
#27 hapo naona unaisukuma. Umbo likishakuwa na nane, mtu yeyote wa dini ataipatia maana. Nani alianza, fundi au mhubiri?

#29 Dada wa Doha
#26 fundi, mimi nimeshika vijiti hivyo kwa mikono yangu mwaka huu, kwa hiyo sikiliza. Anatengeneza kwanza fremu sita za mraba, zote sawa, anapima kwa kiganja. Halafu anaziunganisha pembe kwa pembe, si ubavu kwa ubavu. Ukishafunga zote sita, kitu kinasimama chenyewe, na kati ya miraba zinabaki nafasi za pembetatu. Zihesabu: ni nane.

Kwa hiyo sita na nane zote zimo.

Kazi ngumu ni pembe. Mraba mmoja ukipinda, wa tano haukutani na wa sita na unaanza upya. Wangu ulipinda. Aliufungua wote bila kusema neno, akanirudishia uzi.

#30 Fundi Saidi wa Vishada
Pembe kwa pembe! Allahu akbar. Kesho asubuhi naifunga kwa chelewa.

#31 Dada wa Doha
Nimerudi. Leo tulikuwa na mapumziko, nikamsomea uzi huu, nikimtafsiria kwa Kiarabu chetu cha kazini. Bendera na Mmarekani anavijua, walifundishwa shuleni. Kwa hoja ya Baharia alipiga makofi. Ya kisiwa alinyamaza nayo muda.

Nikamuuliza tena, basi wewe unawasha kwa nini? Akasema mama yake alifariki yeye akiwa huku, mwaka wake wa pili wa mkataba, hakuruhusiwa kwenda kuzika. Kwao ukifanya jema unaweza kuwagawia thawabu yake waliotangulia, unatamka kwamba nao washiriki. Kwa hiyo anafunga kandili, anafunga kula, kisha anataja jina la mama. Anasema mama alikuwa na macho mabovu, hakuwa anaona vizuri usiku.

Hilo halikuwemo katika yale majibu matatu, na nimelala naye chumba kimoja miaka mitatu.

#32 Mama Biashara Bangkok
Pole sana kwake. Mfikishie.

#33 Sheha wa Zamani
Mwenyezi Mungu ampe subira. Nasi hapa tunasoma hitima tukiwarehemu wetu. Mimi sitaki kuchanganya dini, ila huzuni ya mtoto aliyekosa kuzika naijua.

#34 Mwalimu wa Zamu
Nami naondoa neno langu la #3, pale niliposema jibu la kwanza ndilo. Ni la mimbarini, sawa, lakini sasa naona la tatu lilikuwa na uzito zaidi. Ingawa mtawa angesema yote mawili ni moja.

#35 Mpekuzi wa Nyaraka
Mtawa angesema hivyo, mwanahistoria asingesema. Bado nasimama na 1885 kwa upande wa kandili za mitaani. Za chumbani siwezi kuziwekea tarehe.

#36 Mkazi wa Upanga
Kuna jambo la mitaani pia: Sri Lanka siku za Vesak maduka ya pombe na bucha hufungwa kwa amri ya serikali. Wa kwetu wangeweza?

#37 Kijana wa Likoni
Nyama siku mbili waweza. Hayo mengine muulize Baharia.

#38 Baharia Mstaafu
Nilikunywa maji ya belimal, maua makavu yaliyochemshwa na kutiwa sukari guru. Na wala sikutamani kingine.

#39 Mchekechaji wa Tunduru
Wakuu, baada ya #29 nilimpigia mama simu Tunduru. Nikamuuliza, ile kandili ya yule mzee wa mawe unaikumbuka? Akasema, "Fremu yake si ipo jikoni."

Miaka yote hiyo! Mzee alipoondoka alichana karatasi, akazichoma, akamwachia mama mianzi. Mama akaitundika juu ya mafiga, akawa anaweka chumvi na dagaa panya wasifike. Nimemwomba mdogo wangu aihesabu. Moshi umeifanya nyeusi tii, lakini nyuzi bado zimekaza. Imebaki miraba mitano. Wa sita mama anasema aliukata mwenyewe, mwaka gani hakumbuki, ili mkono uingie.

Fundi Saidi, ukishaifunga ya kwako nitumie vipimo. Kiganja cha yule mzee kilikuwa kikubwa.